Kibali cha Baba Siku ya Uhuru

Wenzangu wa vibanda vya cherehani, nimewasikia. Tangu nirudi mmenihoji juu ya kila kitambaa ninachoshika. Mmoja amesikia tulikamatwa njiani, mwingine kaambiwa Baba amepofuka moja kwa moja, na yule wa kibanda cha mwisho anaapa kwamba nililala porini. Nimechoka kueleza vipande vipande huku mashine inalia, basi nimeandika. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke, maana hata muhuri wenu umo humu.

Jambo lenyewe mnalijua nusu. Baba yangu, Mzee Festo, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilishafunga kabisa, la kushoto lilibaki kuona vivuli. Hospitali ya misheni kule Kabanga ilipata daktari wa macho mgeni, na jina la Baba likaandikwa: afike Siku ya Uhuru kabla ya saa kumi na moja jioni, apasuliwe kesho yake. Hiyo kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya daktari. Akikosa hapo angoje mpaka daktari aje tena, na lini, hakuna aliyejua. Mwezi uliopita Baba alikanyaga jiko la mkaa akidhani ni kivuli cha jiko. Nikaapa kwamba Kabanga atafika, hata ikibidi nimbebe mgongoni.

Kutoka kijijini

Nililala kwa Baba ili tuondoke mapema. Asubuhi nikamkuta ameshavaa koti lake la kahawia, kofia kichwani, mfuko wa nguo miguuni. Nikafurahi kumwona tayari, nikamwambia bodaboda wawili wako njiani.

"Ego," akakubali. "Na kibali?"

Hapa niwaeleze ninyi ambao hamkukulia makazini. Baba alivuka kutoka Burundi akiwa bado kijana, akaishi miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi, na mimi nikazaliwa huko huko. Makazini hutoki bila kibali, karatasi yenye jina lako, unakokwenda na siku utakayorudi. Nikiwa na miaka kama saba hivi, Baba alitoka bila karatasi kwenda kuuza maharage apate chumvi. Alikamatwa. Siku nane hatukujua kama yu hai. Aliporudi hakusimulia lolote, ila tangu siku ile hajasafiri bila karatasi. Tukapata uraia, tukahamia Kibondo, tukapewa vitambulisho. Baba ana shamba lake la mihogo na hupiga kura kila uchaguzi. Lakini akitaka kwenda mbali kuliko soko la Kibondo, lazima kwanza aende kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua. Mtendaji wetu ni binti mpole. Amemweleza mpaka amechoka, siku hizi humwandikia tu na kumgongea muhuri ili mzee alale salama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Data, leo Siku ya Uhuru," nikamwambia. Ndivyo tunavyowaita baba zetu nyumbani. "Ofisi zimefungwa. Mtendaji yuko mjini kwenye sherehe."

"Basi tutakwenda kesho."

"Kesho ndiyo daktari anamaliza!"

"Mwana wanje, bila karatasi mimi siendi. Zile siku nane hukulala wewe mle ndani."

Nikamweleza raia ni nani. Nikamweleza kwamba katika nchi hii mtu haombi ruhusa kwenda hospitali. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijivunii. Baba alikaa, mikono magotini, akingoja nimalize. Nje bodaboda walishafika na walikuwa wanapiga honi.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Mkobani nilikuwa na daftari langu la vipimo, na kwa kuwa ninyi wenyewe mlinichagua katibu, nilikuwa na muhuri wa kikundi chetu. Nikachana ukurasa, nikaandika kwamba mwenye barua hii ni Mzee Festo, anakwenda Kabanga kutibiwa macho, asaidiwe popote atakapopita. Nikatia saini yangu, nikagonga muhuri. Kisha nikamwambia, "Kumbe! Nilisahau, Data. Mtendaji aliniachia barua jana."

Akaipokea, akaipapasa, akanusa wino. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Si ungesema mapema," akasema, na kuinuka.

Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilipanda pikipiki nikijichekea peke yangu.

Stendi ya Kibondo

Stendi ilikuwa imepoa. Madereva nusu walikuwa wamekwenda uwanjani, ambako vipaza sauti vilipeleka hotuba mpaka kwenye vibanda vya chai. Gari lililokuwepo ni Noah moja ya kwenda Kasulu, na dereva wake, kijana aitwaye Rama, alisema haondoki mpaka ijae. Tulifika saa moja. Mpaka saa tatu tulikuwa abiria wanne.

Tulikunywa chai na maandazi pamoja na abiria mwenzetu, Mwalimu Mwanaidi, mtu wa Pangani aliyepangiwa kufundisha huku miaka tisa iliyopita. Alimwamkia Baba shikamoo, akamtafutia kiti, akaanza kuongea naye kwa ule ulaini wa watu wa pwani.

Baba alipobanwa haja, alimgeukia Rama. "Dereva, naomba ruhusa niende msalani."

Rama akacheka. "Mzee wangu, choo cha halmashauri kile. Mi ruhusa nitoe wapi?"

Wote wakacheka, na Baba akacheka nao. Mimi sikucheka. Nilimshika mkono, nikampeleka, na njiani nikamwambia aache kuniaibisha. Ndivyo nilivyosema, "kuniaibisha," kwa mzee aliyenilea.

Tuliporudi, kule uwanjani walikuwa wanaimba. Mwalimu akamuuliza, "Babu, uhuru wa nchi ulikukuta wapi?"

"Ng'ambo, bado mtoto. Ule ulikuwa wenu," Baba akajibu. "Lakini sasa ni wetu sote. Ila wangu mimi uko hapa." Akapiga kifua cha koti, pale ilipokuwa ile barua.

Mwalimu akatabasamu, akidhani mzee anasema moyo. Mimi nikajifanya natafuta chenji. Mwalimu akanigeukia na mimi: uhuru kwangu ni nini? Nikajibu bila kufikiri kwamba ni kutopangiwa na mtu. Tangu niachane na baba Neema, nikasema, naamka ninapotaka, nashona ninachotaka, na hakuna anayenitunzia ufunguo wangu.

"Hongera mwenzangu," akasema Mwanaidi. "Mimi huku nilipangwa, sikuchagua. Baadaye wakanipa nafasi ya kurudi Tanga, nikakataa. Tangu nilipokataa, hapa pakawa pangu."

Sikuona kwamba lile neno linanihusu. Saa nne na nusu Noah ikajaa, tukaondoka.

Kibondo hadi kizuizini

Mvua ilitukuta kabla hatujafika mbali, mvua ya Desemba ya kwetu isiyouliza. Ilipokatika, gurudumu la nyuma nalo likapata pancha. Rama akagundua kwamba jeki yake ameiazima mtu. Tukakaa kando ya barabara kusubiri gari la msamaria.

Akina mama wa kijiji cha karibu walikuja na uyoga kwenye mabeseni na kumbikumbi waliokaangwa, wametiwa kwenye pakiti. Nilinunua kumbikumbi, nikamkaribisha Mwalimu.

"Jamani, wadudu hawa?"

"Miaka tisa hujala?"

"Miaka tisa nimekwepa," akasema. Akachukua mmoja, akafumba macho, akatafuna. Akachukua wa pili bila kufumba. Alipomaliza kiganja kizima alisema tusimwambie mama yake.

Baba hakula. Kila gari lilipopita alishika kifua, kuhakikisha karatasi ipo. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Jeki ilipatikana saa sita kasoro, tukavuka daraja la Malagarasi, na ilipofika saa saba tukasimamishwa kizuizini.

Ni kizuizi cha kawaida, mnakijua, wanaangalia vitambulisho. Afisa mmoja mwenye lafudhi ya kusini akachungulia dirishani. Tukatoa kadi zetu. Mimi nilikuwa na mbili mkobani, yangu na ya Baba, maana ya Baba nimeitunza mimi tangu ilipotoka, ili isipotee. Kabla sijaitoa, Baba alishaingiza mkono kwenye koti. Akaikunjua ile barua taratibu, akampa afisa kwa mikono miwili.

Afisa akaisoma. Akairudia. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekesha kazini na hatimaye amepata la kumchekesha.

"Mzee, hii ni barua ya mafundi cherehani! 'Kikundi cha Mafundi Kushona, Soko la Kibondo.' Na huku nyuma kuna vipimo: kiuno thelathini na nne, urefu arobaini. Unasafiri kama suruali?"

Gari zima likaangua kicheko. Njia ya mwongo ni fupi, wenzangu. Yangu ilikuwa ya saa sita tu.

Baba hakucheka. Alielekeza uso mahali nilipokuwa. "Si ya mtendaji?"

Nikafungua mkoba.

"Mzee ana kitambulisho hiki hapa," nikamwambia afisa, nikitoa kadi. Akaiangalia, akaona uso wa Baba, na kicheko kikamwisha. "Hiki kinatosha, mzee wangu. Tena kinazidi. Nendeni salama."

Baba akapapasa mlango, akaufungua, akashuka.

Kwenye jiwe

Kando ya kizuizi kulikuwa na jiwe kubwa. Baba alilifikia kwa fimbo, akaketi. Nilimfuata nikidhani anaogopa, nikaanza tena somo langu la uraia. Akainua mkono.

"Siogopi. Nimekasirika."

Rama akapiga honi. "Bi mkubwa, twende bana! Ya familia mtamalizia Kasulu."

Mwalimu alimsihi atungoje, akatungoja kidogo, lakini abiria wengine nao walikuwa na safari zao. Mwishowe Mwanaidi aliteremsha mfuko wetu pamoja na maembe yake mawili, akanishika bega, na Noah ikaondoka. Niliitazama mpaka ikapotea kwenye kona. Ilikuwa saa saba na nusu. Jicho la baba yangu lilikuwa linakwenda na lile gari.

"Samahani, Data. Nilitaka ufike."

"Kitambulisho changu kimekaa wapi miaka yote hii?"

"Mkobani kwangu."

"Nani alikutuma?"

"Niliogopa kitapotea."

"Nimewalea sita makazini," akasema. "Kuna hata mmoja nilimpoteza?"

"Hapana, Data."

"Kule karatasi yangu aliishika mkuu wa makazi. Huku umeishika wewe. Halafu unanipigia kelele kwamba mimi sijui kuwa huru."

Niliumia, siwafichi. Niliumia kwa sababu hakusema kwa ukali, na kwa sababu nilitafuta pa kumkosoa nikapakosa. Mimi niliyejisifu stendi kwamba hakuna anayenitunzia ufunguo, nilikuwa nimetunza wa mwenzangu miaka yote na kuita upendo. Upendo ulikuwepo, ndiyo. Lakini hata kumwambia kwamba kadi ile pekee inatosha kumpitisha popote, nilimwambia kwa maneno tu. Mkononi sikuwahi kumpa.

Nikampa. Akaipapasa kingo zote nne, akaitia mfukoni. Ile barua akanirudishia. "Kuna mtu anangoja suruali yake," akasema.

Kisha akamwita afisa. Yule kijana alikuja mbio, nadhani naye alikuwa amejisikia vibaya.

"Mwanangu, nikitaka kurudi Kibondo, utanizuia?"

"Hapana, mzee."

"Nikitaka kwenda Kasulu?"

"Hapana."

"Nikitaka kukaa hapa kwenye jiwe?"

Afisa akaliangalia jiwe, akaniangalia mimi. "Kaa tu, mzee. Jiwe halina mwenyewe."

"Basi nitakaa."

Na akakaa! Akatoa kisu kidogo, akamenya embe moja polepole, akala. Akamenya la pili. Lori moja likapita kuelekea Kasulu, likasimama kukaguliwa, likaondoka. Nilisimama pale midomo imebanwa. Nilitaka kumkumbusha saa. Nilitaka kumwambia kwamba akichelewa atabaki gizani kwa sababu ya ukaidi wake. Nimepiga mashine miaka ishirini, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza ile nusu saa. Lakini niliamua, na nikishaamua mnanijua: akisema turudi Kibondo, tutarudi, na sitatia neno.

Alipomaliza alinawa kwa maji ya chupa, akapangusa kisu, akainuka.

"Twende Kabanga," akasema. "Nataka kuona vizuri sura ya huyu mwongo wangu."

Kasulu na Kabanga

Afisa mwenyewe ndiye aliyetuombea lifti kwenye lori la mihogo mikavu. Baba akawekwa mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia, nimejifunika turubai. Nilifika Kasulu mweupe kwa unga, watoto wakanishangaa. Sherehe zilikuwa zimekwisha, watu wanarudi makwao na bendera ndogo. Niliipungia bajaji ya kwanza niliyoiona, na kufika Kabanga ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi.

Muuguzi alikuwa na orodha mkononi, anaifunga.

"Mzee Festo? Nilishakukata, baba," akasema. Aliniangalia mimi na unga wangu, akamwangalia Baba na koti lake lenye matone ya embe. Akaandika jina upya chini kabisa. "Utakuwa wa mwisho. Nani anasaini fomu ya kukubali upasuaji?"

Mkono wangu ulishafika kwenye kalamu. Mazoea yana taabu. Nikaurudisha, nikaubana kwapani.

"Mwenye jicho," nikasema.

Muuguzi akamsomea fomu yote, pamoja na sehemu zinazotisha, kwamba jicho linaweza lisipone. Baba akauliza maswali manne. Swali moja lilinishtua: je, anaweza kukataa sasa hivi na asigombezwe? Muuguzi akasema anaweza. Mimi nikazidi kuubana mkono kwapani. Halafu akaomba aonyeshwe kwa kidole mahali pa kuanzia, akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa zilizopanda mlima mpaka nje ya mstari.

Alipasuliwa kesho yake jioni, jicho la kushoto tu. Keshokutwa yake bandeji ilitolewa. Aliangalia dirisha, akaangalia shuka, akaangalia vidole vyake mbele na nyuma. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu.

"Konso," akaniita jina langu. "Kumbe umezeeka."

Nikacheka huku nalia. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akalia, na sikumjua hata jina.

Stendi ya Kasulu

Tuliruhusiwa baada ya siku moja zaidi, na chupa ya dawa ya matone na onyo la kutoinama na kutoingia kwenye vumbi, na kurudi kliniki baada ya wiki. Nilinunua wali na maharage, tukala stendi. Nikaenda kuulizia gari la Kibondo. Niliporudi, Baba alikuwa amesimama mlangoni pa gari lingine, mfuko mkononi, anasoma bango lake kwa sauti, herufi moja moja: K, I, G, O, M, A.

"Data, letu ni lile kule."

"Lako," akasema. "Mimi nakwenda Kigoma, kwa Bonifasi. Nimempigia simu, atanipokea stendi."

Bonifasi ndiye rafiki aliyevuka naye mpaka. Kila mwaka humwalika kwa simu, na kila mwaka Baba hujibu kwamba ni mbali.

"Na kliniki?"

"Nitapita Kabanga nikirudi."

"Unarudi lini?"

"Nitakapochoka."

Nilikuwa na mambo ya kusema. Nguo za kubadilisha alikuwa nazo mbili tu. Dawa ile hutiwa mara nne. Hajawahi kufika Kigoma, na jicho lake lina siku tatu. Nikamwendea dereva nimwambie anishushie huyu mzee mahali fulani, amkabidhi kwa mtu fulani, anipigie. Nilifika mpaka dirishani kwake. Akanitazama, akauliza, "Vipi, mama?"

"Safari njema," nikamwambia.

Baba akapanda mwenyewe, akachagua kiti cha dirishani. Gari likaondoka, na hakunipungia, maana alikuwa anatazama upande wa pili, kwenye milima. Sikumpigia mpaka jioni. Alipopokea alisema yuko kwenye sahani ya samaki wa mgebuka, nisimsumbue.

Leo ni siku ya sita tangu aondoke. Jana mtendaji wetu alipita hapa kibandani kuuliza Mzee yuko wapi, mbona hajaja kuchukua barua. Nikamwambia ametoka.